Anza na swali, jibu litafuata

Kwa miaka mingi, nilipozungumza na umma kuhusu vijidudu, nilianza na jibu: bakteria ni nini, wanaeneaje, sabuni huwafanya nini. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakaondoka walivyokuja. Siku hizi naanza na Vienna, Austria, mwaka 1847.

Hospitali moja, wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ina madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ina wakunga. Katika ya kwanza hufa karibu mama 1 kati ya 10, wengi kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawafiki 4 kati ya 100. Kina mama wanalijua hilo, wanasihi wasipelekwe kwa madaktari.

Hapo nanyamaza, kisha nauliza: kwa nini?

Kuna atakayesema msongamano. Daktari Ignaz Semmelweis, aliyefanya kazi katika wodi ile ya kwanza, naye alilipima hilo, akakuta wodi ya wakunga ndiyo iliyofurika zaidi. Basi hewa? Jengo ni lile lile. Kisha rafiki yake, Jakob Kolletschka, anachomwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Anaugua, anakufa, na mwili wake unapochunguzwa una alama zile zile za wale kina mama. Kabla sijaendelea, mtu ameshadakia: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha!

Mei wakaanza kunawa kwa maji yenye klorini. Aprili vifo vilikuwa asilimia 18; Juni, takriban 2.

Wapo wanaokomea hapo. Mimi siwezi. Wenzake Semmelweis wengi walimkatalia, na yeye alichelewa mno kuandika: kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kimejaa takwimu na shutuma. Nikiiacha sehemu hii, msikilizaji atadhani ushahidi hujisemea wenyewe.

Lakini kisa kina hatari yake, na hili nalisisitiza kwa kila mtafiti kijana. Kifo cha Kolletschka peke yake hakikuthibitisha kitu. Kilizaa wazo tu. Kilichothibitisha ni hesabu ya wodi mbili, mwezi baada ya mwezi. Mtu mmoja aliyepona baada ya kunywa dawa fulani naye ana kisa, tena kitamu. Kwa hiyo nasoma takwimu kwanza, ndipo natafuta mtu wa kumsimulia. Kisa kikipingana nazo, nakiacha, hata kama ndicho kingewaliza watu.