Anaongea vizuri, ila msimwamini sana

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi wakifika wodini swali lao huwa moja, dokta, mzee amepooza upande gani? Nikisema wa kushoto wanashusha pumzi, afadhali, mkono wa kulia mzima na mdomo unaongea. Mimi hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi.

Ubongo unaendesha mwili kwa kupishana, wa kushoto unashika mwili wa kulia, wa kulia unashika wa kushoto. Lugha kwa watu wengi ipo kushoto, mwaka 1861 kule Paris daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu mmoja aliyekuwa akitamka "tan" tu, akakuta umeharibika mbele upande wa kushoto. Kiharusi cha huko hakijifichi, mtu kakosa maneno, nyumba nzima inakimbia hospitali.

Cha ubongo wa kulia sasa, kile kinachopoozesha kushoto. Mgonjwa anasahau kama kushoto kwake kuna kitu, anakula ugali wa upande mmoja wa sahani halafu analalamika hajashiba, anavaa ndala mguu mmoja, na macho yenyewe unakuta hayana shida yoyote. Wengine wanakataa kabisa kwamba wamepooza, unamwambia inua mkono anakujibu si nimeinua! Sio ubishi wa uzee jamani, ni ubongo, daktari Mfaransa Babinski aliipa hali hiyo jina tangu 1914. Mtu wa hivo ataomba apelekwe hospitali saa ngapi, wakati dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatakiwa ndani ya masaa manne na nusu?

Hata NIHSS, kipimo chetu cha ukali wa kiharusi, kina upendeleo, kati ya pointi zote 42, zinazohusu lugha ni 7, za kusahau upande ni 2 tu, kwa hiyo jeraha linaweza kuwa na ukubwa uleule lakini kwenye karatasi mgonjwa wa ubongo wa kulia anaonekana ana nafuu.

Upande gani mbaya zaidi? Upande peke yake hauamui, ukubwa wa jeraha, umri na muda wa kufika vina uzito zaidi. Ila wa ubongo wa kulia ndo anayeniangukia chooni, manake anasimama akijiona mzima.

Kwa hiyo nyumbani chai ya moto isikae kushoto kwake, mwanzoni ongea naye ukiwa kulia kisha mvute taratibu ageukie kushoto, na funguo za gari au pikipiki zifichwe mpaka apimwe, hata akiwatukana.