Je, wajua ua la bogainvilia liko wapi?

Mwambie mtu akuchumie ua la bogainvilia, naye atakuletea kile chenye rangi: zambarau, chungwa au nyeupe, chembamba kama karatasi. Kwa miaka mingi hata mimi ningefanya hivyo. Niliamini kwamba zile tatu zenye rangi ni petali, na kwamba kinyota cheupe kilicho katikati ni sehemu ya ndani ya ua tu. Kumbe ni kinyume. Kinyota ndicho ua. Zenye rangi ni majani.

Ni majani kweli, si kwa kufananisha. Chuma moja uliinue juani. Utaona mshipa mkuu katikati na vishipa vinavyotawanyika, sawa na jani la kijani la tawi lilelile. Ligeuze upande wa ndani: kijiua kama mrija, chenye urefu wa sentimita 2 hivi, kimeshikamana na mshipa huo mkuu. Kila jani la rangi lina ua lake, kwa hiyo tunachokiita ua moja ni maua matatu yaliyokaa pamoja. Jani la namna hii huitwa brakti. Na bado kuna ajabu kubwa zaidi: hata kinyota chenyewe hakina petali. Mrija ule na ncha zake nyeupe ni sepali zilizoungana, yaani sehemu ambayo kwenye maua mengi ni kikombe cha kijani kinachokaa chini. Mmea tunaousifu kwa petali hauna hata petali moja.

Mfikirie wakala wa pesa za simu kando ya barabara. Unachokiona kutoka mbali ni mwavuli mkubwa wa rangi, lakini anayekuhudumia ni mtu aliyekaa chini yake. Brakti ni mwavuli huo: huwaita wadudu na ndege, kisha kijiua ndicho hutoa nekta na chavua. Ndiyo maana bogainvilia hupendeza kwa wiki nyingi. Vinyota hunyauka mapema, ila jani hudumu, na tunda likikomaa brakti kavu hupeperushwa na upepo pamoja nalo. Kwenye aina zenye brakti nyingi zilizosongamana, brakti zimechukua hata nafasi ya maua, hivyo usipokiona kinyota usidhani umeangalia vibaya.

Rangi yenyewe nayo si ile ya haibiskasi. Ni betalaini, kundi lilelile la rangi linaloupa wekundu bitiruti na mchicha mwekundu, ambao ni jamaa wa mbali wa bogainvilia.

Asili yake ni Amerika Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, akaipa jina la kiongozi wa safari yao ya meli kutoka Ufaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Msaidizi wa Commerson, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyesafiri amevaa kiume. Wapo wanaosema yeye ndiye aliyeuchuma mmea huo kwa kuwa Commerson alikuwa anaumwa mguu. Ni dhana yenye mantiki, lakini hakuna kumbukumbu ya safari inayoithibitisha.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: mbona yangu imejaa majani na miiba tu? Tazama kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na tawi. Mwiba hutokea hapo, na kichala cha maua hutokea hapohapo. Ni chipukizi moja lenye njia mbili. Chukua donge la unga uliokandwa: unaweza kulifanya chapati au manda za sambusa, na kabla ya moto bado una nafasi ya kubadili nia. Kwenye chipukizi, anayeamua kwa sehemu kubwa ni homoni ya jiberelini, ambayo majani machanga huitengeneza mmea unapokua kwa kasi. Ikiwa nyingi, chipukizi hugeuka mwiba. Ikipungua, chakula cha mmea huelekea kwenye chipukizi na kichala hutokea.

Maji mengi na mbolea yenye naitrojeni nyingi huchochea ukuaji huo wa kasi. Kwa hiyo acha udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena, na uupe mmea jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Majaribio ya maabara yameonyesha pia kwamba siku fupi huleta maua, lakini hilo lina uzito mdogo kwetu: Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Huku kiangazi ndicho kinachoonekana kufanya kazi kubwa, ingawa ushahidi wa hilo umetoka zaidi kwa watunza bustani kuliko kwenye vipimo.

Usitarajie mabadiliko kwenye matawi ya zamani. Mwiba uliokwisha kukomaa ni chapati iliyoiva. Pogoa baada ya maua kuisha, kisha subiri machipukizi mapya na uyaangalie kwenye makwapa.