Kijiji kimoja, lakini sarufi nzima

Juzi tena mwanafunzi kaniambia, "mwalimu hiyo si lugha, ni kilugha tu, watu mia mbili watakuwa na sarufi gani?" Hili nimelisikia mara nyingi mno na linaniudhi, leo naliandika.

Chukueni Tayap. Duniani kote inaongelewa kijiji kimoja tu, Gapun, huko Papua New Guinea, upande wa chini wa mto Sepik. Wanakijiji ni kama 200 na wanaoiongea hawafiki 50. Wanasema ni ya Kipapua, sawa, ila Kipapua sio ukoo kama Kibantu, ni kapu la lugha za kule zisizo za Kiaustronesia (ukoo mkubwa wa lugha za visiwani, kama Kimalei), na humo kapuni Tayap haijapatiwa ndugu hata mmoja.

Sasa hiyo sarufi. Nomino zina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na kwa vitu visivyo hai linaangaliwa umbo: kirefu chembamba ni cha kiume, kifupi kinene ni cha kike. Halafu nomino yenyewe haikuonyeshi kitu! Sisi ukisikia "kiti" ile ki- imeshakwambia kitavunjika sio itavunjika, kwao unaikuta jinsia kwenye maneno mengine, mpaka kwenye kitenzi huko. Na kitenzi kinabeba mtenda na mtendwa kama "nimekuona" yetu, ila viambishi vyao vinakaa baada ya mzizi, na unatakiwa utofautishe jambo lililokwisha kuwa na lile ambalo bado halijawa. Niambieni wepesi uko wapi.

Na lugha hii inakufa, tena hakuna aliyeipiga marufuku. Wanaume walienda kufanya kazi za mkataba mashambani wakarudi na Tok Pisin, krioli ya Kiingereza inayowaunganisha watu wa nchi hiyo, ikawa lugha ya mtu aliyetembea. Mwanaanthropolojia Don Kulick alipokaa Gapun miaka ya 1980 akakuta watoto wa chini ya miaka 10 hawaongei Tayap, wazazi wanawalaumu eti ni wabishi, kumbe wao wenyewe ndio wanawasemesha Tok Pisin na hata hawajigundui. Hapo huwa naumia kweli.

Kinachonisumbua zaidi ni kuhesabu wasemaji. Kuna vijana waliokuwa wanasema hawaijui, lakini Kulick alipowaomba wasimulie hadithi kwa Tayap baadhi yao wakasimulia vizuri tu, tena kwa vitenzi hivyohivyo vigumu. Hao ni wasemaji au sio? Mimi ningewahesabu. Wenzangu wanasema lugha usiyoiongea na mtu huna, na hoja ya kuwashinda bado sina.