Makapi-mlo, moyo na kisukari: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba nyuzinyuzi za vyakula, au makapi-mlo, kazi yake ni kulainisha choo tu. Ukweli ni kwamba zile zinazoyeyuka katika maji, zilizomo kwa mfano kwenye maharage, bamia na oti, hugeuka ute mzito tumboni, ute ambao huchelewesha sukari kuingia katika damu na kunasa asidi za nyongo zisirudi kwenye ini. Ini, kwa kuwa hutengeneza nyongo kutokana na kolesteroli, hulazimika kuchota kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu, na hapo ndipo kolesteroli mbaya, ile inayochangia kuziba mishipa ya moyo, hupungua. Hupungua kwa asilimia chache tu, kwa hiyo aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kutegemea bamia.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi, ni ile ya mgonjwa wa kisukari anayeamini kwamba akishaacha sembe na kuhamia dona, anaweza kula ugali kadiri apendavyo. Ni kweli kwamba dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, hivyo huizidi sembe kwa makapi-mlo, vitamini na madini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya unga huo bado ni wanga, na kadiri unavyosagwa laini ndivyo unavyomeng'enywa upesi. Ukubwa wa tonge na wingi wa mboga pembeni yake vina uzito kuliko rangi ya ugali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi-mlo kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa huleta karibu nusu ya kiasi hicho.

Juisi iliyochujwa haichukui nafasi ya tunda, kwani makapi yake yamebaki kwenye chujio. Mkate wa kahawia nao huenda umetiwa rangi tu. Yafaa kusoma kama kiambato cha kwanza ni ngano isiyokobolewa.

Wengine huacha kunde na maharage kwa sababu ya gesi, wakidhani miili yao imevikataa. Gesi hiyo hutokana na bakteria wa utumbo mpana wanaochachusha makapi-mlo, na kwa watu wengi hupungua iwapo kiasi kitaongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, pamoja na maji ya kutosha.