Dodoma Jiji hawakum-"beat up" mtu: vitenzi vya Kiingereza vinavyotupotosha

Simba wakija Uwanja wa Jamhuri wakafungwa na Dodoma Jiji, hakosekani wa kuandika kwa Kiingereza kwamba wenyeji wame-"beat up" Simba. Anadhani kijineno "up" kinanogesha ushindi. Hapana. "Beat" peke yake ni kushinda mechi. "Beat up" ni kumshushia mtu kipigo cha kumpeleka hospitali, na hiyo ni kesi ya polisi, si ya Bodi ya Ligi.

Dhana inayozaa makosa mengi ni hiyo: kwamba ukijua kitenzi, ukajua na kijineno, basi maana umeshaipata. Ukweli ni kwamba vikishaungana vinakuwa na maana yao wenyewe. Na sisi tunalalamika bure, maana tunafanya yaleyale. Mtu akiuziwa kiwanja cha mwenzake kule Nzuguni tunasema ameingizwa mjini, wala hakuna anayeuliza mji gani. Mwingereza atasema "he was taken in". Kama kilio chake ni kulipishwa bei ya kuruka, atasema "he was ripped off", ingawa hakuna kilichochanwa. Ila "take in" hiyohiyo ni pia kumpa hifadhi asiye na pa kulala, kwa hiyo subiri sentensi iishe ndipo ukasirike.

Ya hatari zaidi ni "stand up". "She stood me up": tuliahidiana, nikasubiri, hakutokea. "She stood up for me": alinitetea. Ukikosea hapo, aliyekupigania anakuwa aliyekutosa.

Wapo wanaodai haya ni mambo ya juzi ya vijana wa Marekani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 huko Uingereza, alishaandika kwamba vitenzi vya aina hii vinawapa wageni taabu kubwa kuliko yote.

Halafu kuna ile ya walimu: "Ni lugha ya mtaani, msiiandike kwenye mtihani." Kuna chembe ya ukweli. Barua ya malalamiko kwa halmashauri haifai kuwa na "rip off"; andika "defraud" kama ni utapeli, "overcharge" kama ni bei. Lakini "let down", yaani kumwangusha anayekutegemea, haimkeri msomaji yeyote, na "carry out", yaani kutekeleza, imejaa kwenye sheria na ripoti za serikali. Kuvifuta vyote kwa kalamu nyekundu naona ni uvivu tu.

Mpangilio wa maneno nao haufanani kwa vyote, tofauti na wengi wanavyodhani. "They ripped him off" ni sahihi; "ripped off him" ni kosa, kiwakilishi lazima kikae katikati. Ukitaja nomino uko huru: "ripped off the customer" au "ripped the customer off". Ila "pick on", kumwonea mtu mara kwa mara, haitenganishwi kabisa: "they pick on him", basi.