Melodrama ya Kifaransa chini ya Wajerumani ni nini?

Melodrama ni hadithi inayotanguliza hisia. Mtu mwema anapatwa na msiba, anavumilia, anapatwa na mwingine, na muziki unahakikisha hakuna pigo linalompita mtazamaji. Nani mwema na nani mbaya hujulikana mapema. Anayefuatilia tamthilia za televisheni kila jioni anaijua vizuri, hata kama hajawahi kuiita hivyo.

Melodrama ninayoizungumzia hapa ni ile iliyotengenezwa Ufaransa ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, kuanzia Juni 1940 hadi 1944. Filamu za Marekani na Uingereza zilipigwa marufuku, Wayahudi wakafukuzwa kwenye kazi za sinema, na kila hadithi ilipita kwanza kwa wakaguzi. Hata hivyo watu walifurika kwenye majumba ya sinema, na filamu ndefu zaidi ya 200 zilitengenezwa.

Iliyowaliza wengi ni Le Voile bleu ya Jean Stelli, ya mwaka 1942. Gaby Morlay anaigiza Louise, ambaye mumewe aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na mtoto wake mchanga naye akafariki. Anakuwa yaya. Analea watoto wa watu, nyumba hii hadi ile. Akishampenda mtoto kama wake, inambidi aachane naye. Anakataa kuolewa tena. Uzeeni, watoto wale, sasa watu wazima, wanakusanyika kumzunguka.

Serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, haikuwa na sababu ya kuilalamikia filamu hii. Kaulimbiu ya kiongozi wake, Marshal Pétain, ilikuwa "Kazi, Familia, Nchi"; mama anayejinyima alitukuzwa, na mwaka huohuo wa 1942 kutoa mimba kulifanywa kosa dhidi ya dola. Lakini kuiita propaganda tu na kuishia hapo ni uvivu. Wanaume zaidi ya milioni moja walikuwa mateka Ujerumani. Mwanamke aliyeketi ukumbini, mumewe kambini na watoto wakimtegemea yeye peke yake, hakuhitaji kuelezwa na serikali kwa nini Louise anamliza. Vita vilivyomfanya Louise mjane ni vya 1914, kwa hiyo mtazamaji aliweza kulilia vya 1942 bila mkaguzi kupata pa kushika.

Ndiyo maana melodrama ilistawi: chozi halisemi liko upande gani. Mwaka 1944 Jean Grémillon alitoa Le Ciel est à vous, kuhusu mke wa fundi wa gereji anayetaka kuvunja rekodi ya kuruka na ndege peke yake. Ili kupata fedha, yeye na mumewe wanauza hadi piano ya binti yao. Wafuasi wa Vichy waliona humo familia imara ya Kifaransa. Magazeti ya siri ya wapinzani wa Wajerumani nayo yaliisifu, yakiona Wafaransa wasiokubali kushindwa.