Kipimo Kinachoanzia Mwisho: Viwango vya Elimu vya Kentucky na Utayari wa Mwanafunzi kwa Chuo na Kazi

Mzazi aliyesomea Kigoma, Bukavu au Kisumu na sasa anasomesha watoto Louisville hukutana na utaratibu asiouzoea. Marekani haina mtaala wa taifa wala baraza la mitihani la taifa, na sheria ya shirikisho inaikataza serikali ya Washington kuziamuru shule zifundishe nini. Kazi hiyo ni ya majimbo. Kila jimbo hupitisha viwango vyake, yaani maelezo ya kile ambacho mwanafunzi anapaswa kukijua na kukiweza anapomaliza kila darasa, kisha wilaya za shule hujichagulia vitabu na njia za kufundishia. Makala haya yanaliangalia jimbo la Kentucky kwa sababu mbili. Ndilo lililotangulia majimbo yote kupitisha viwango vya pamoja vya majimbo (Common Core) vilivyojengwa waziwazi juu ya mahitaji ya chuo na kazi; na ni mahali ambapo Kiswahili, hasa kupitia familia zilizotoka Kongo, kimekuwa miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule za Louisville na Lexington.

Chimbuko la jambo hili ni kesi. Tarehe 8 Juni 1989 Mahakama ya Juu ya Kentucky, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Robert Stephens, ilitamka kwamba mfumo mzima wa shule za umma wa jimbo hilo unakiuka katiba. Miongoni mwa waliofungua kesi zilikuwa wilaya 66 za shule zenye uwezo mdogo wa kifedha, ambazo zililalamika kwamba kutegemea kodi ya ardhi na majengo ya kila mahali kulimfanya mtoto wa eneo maskini asome shule maskini. Mahakama haikuishia kwenye fedha. Ilitaja uwezo wa aina saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata shuleni, ukiwemo ufasaha wa kuzungumza na kuandika, maandalizi ya kutosha ya kuendelea na masomo ya juu au ya ufundi ili aweze kuchagua kazi ya maisha yake kwa akili, na uwezo wa kushindana na wenzake wa majimbo jirani katika masomo na katika soko la ajira. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuusuka upya mfumo wote. Wanaodai kwamba lengo la chuo na kazi lilibuniwa na Washington au na wafanyabiashara wakubwa wangefanya vema kuisoma hukumu hiyo, maana huko Kentucky lilitajwa mahakamani miaka ishirini kabla ya viwango vinavyobishaniwa.

Hata hivyo, miaka hiyo ishirini ilionyesha pengo ambalo sheria ya mwanzo haikuliziba. Wahitimu wengi walifika chuoni na vyeti vyao halali, wakapimwa, wakaonekana hawawezi kuanza kozi ya kwanza ya hisabati au ya uandishi. Waliwekwa kwenye kozi za kurudia masomo ya sekondari, wakalipa karo kama wenzao, na masomo hayo hayakuhesabiwa kwenye shahada. Shule ilikuwa imesema kijana amefuzu. Chuo kikasema bado. Sheria iliyopitishwa mwaka 2009 ikaziagiza pande hizo mbili ziketi pamoja na kuandika viwango vinavyooana, na ikaweka shabaha ya kupunguza kwa nusu, ifikapo 2014, idadi ya vijana wanaohitaji kozi za namna hiyo. Februari 2010 bodi ya elimu ya jimbo, baraza la elimu ya juu na bodi inayosimamia taaluma ya ualimu zilitia saini azimio la pamoja la kupokea viwango ambavyo majimbo yalikuwa yakiviandika kwa ushirikiano, ilhali toleo lake la mwisho lilikuwa halijatoka. Lilichapishwa Juni mwaka huo. Ni kweli kwamba majimbo mengi yalivutwa na ruzuku ya shirikisho ya dola bilioni 4.35 iliyokuwa ikishindaniwa wakati huo. Kentucky, iliyokuwa ya kwanza kutia saini, iliambulia patupu katika awamu mbili za mwanzo, na baadaye ikapata dola milioni 17.

Upya wa viwango hivi ulikuwa katika mpangilio wake. Waandishi walianza na mwisho: walieleza kwanza kile ambacho kijana anapaswa kukimudu siku anapoingia chuoni au kazini, kisha wakashuka darasa kwa darasa hadi chekechea. Chukua mfano mmoja wa hisabati ya darasa la nane. Mwanafunzi anatakiwa kulinganisha mahusiano mawili ya uwiano yaliyoonyeshwa kwa njia tofauti. Tuseme safari ya gari la kwanza imechorwa kwa grafu ya umbali na muda, na ya gari la pili imeandikwa kwa mlinganyo y = 55x. Aseme ni gari lipi linalokwenda kasi zaidi, na aeleze amejuaje. Anayejua kukokotoa tu atakwama, kwa sababu swali linamtaka atambue kwamba mteremko wa mstari kwenye grafu na namba 55 kwenye mlinganyo vinasema jambo la aina moja. Ukirudi nyuma utaikuta njia iliyomfikisha hapo: darasa la saba alijifunza namba isiyobadilika katika uwiano, na darasa la sita alijifunza kutafuta kiasi kwa kila kimoja, kwa mfano bei kwa kilo. Ukienda mbele utakuta aljebra, ambayo bila msingi huo hugeuka kuwa kanuni za kukariri. Katika usomaji ni vivyo hivyo. Mtoto wa darasa la tatu hutakiwa kuonyesha mahali kwenye matini palipompa jibu. Wa darasa la nane hutakiwa kupima kama hoja ya mwandishi imesimama, na kubaini ushahidi usiohusika unapochomekwa.

Mitihani ya kwanza iliyotungwa kwa kufuata viwango hivyo ilifanywa mwaka 2012, na idadi ya waliohesabiwa kuwa mahiri ilianguka vibaya. Maofisa walikuwa wamewatahadharisha wazazi mapema, jambo ambalo majimbo mengine hayakulifanya na yakaja kulijutia. Lakini kiwango cha wahitimu waliotambuliwa kuwa tayari kwa chuo au kazi kilipanda kutoka asilimia 34 mwaka 2010 hadi asilimia 62 mwaka 2014. Takwimu hii hunukuliwa kwa fahari, nami nashauri isomwe kwa uangalifu. Tangu 2008 kila mwanafunzi wa darasa la kumi na moja alifanya ACT, mtihani wa kujiunga na chuo wenye alama za juu kabisa 36, na utayari wa chuo ulipimwa kwa alama 18 za Kiingereza, 19 za hisabati na 20 za usomaji. Aliyezikosa aliruhusiwa kufanya mtihani mwingine wa kupangiwa kozi, au kuthibitisha utayari wa kazi kwa njia nyingine, ikiwemo cheti cha ufundi. Njia hizo ni halali na zina faida, kwani kijana mwenye cheti cha uchomeleaji hakufeli maisha. Ila sehemu ya kupanda huko ilitokana na kuongezeka kwa milango, na mzazi anayeambiwa mwanawe yuko tayari ana haki ya kuuliza amepita mlango upi na mlango huo unaelekea wapi.

Siasa nazo zilifika. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza viwango vipitiwe upya na walimu wa jimbo lenyewe, na vya hisabati na vya kusoma na kuandika vilivyorekebishwa vikaanza kutumika mwaka 2019 kwa jina la Kentucky. Uti wa mgongo ulibaki uleule.

Linalonishughulisha zaidi ni saa. Viwango ni vilevile kwa kila mtoto, lakini muda si uleule. Utafiti wa lugha, hasa ule ulioanzishwa na Jim Cummins, unaonyesha kwamba mgeni huweza kuongea vizuri ndani ya miaka miwili hivi, ilhali lugha ya vitabuni humchukua mitano hadi saba. Binti aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi akiwa na miaka 15 hana miaka saba, na Kiingereza chake kizuri cha uwanjani huwapumbaza wazazi na wakati mwingine walimu wake. Kila mwaka wanafunzi wanaojifunza Kiingereza hupimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kila stadi na alama yake. Mzazi aitazame alama ya kusoma na ya kuandika, asiridhike na ya kuzungumza. Shule inayopokea fedha za shirikisho inawajibika kumpa taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni wa bure. Mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomhusu mwenyewe.

Darasa la tisa ndilo la kuanza kuuliza. Hapo ndipo zinapoanza kuhesabiwa alama za KEES, ufadhili wa masomo ya chuo unaolipwa na bahati nasibu ya jimbo: wastani wa alama wa 2.5 kwenye kipimo cha 4.0 katika mwaka mmoja wa sekondari humpatia mwanafunzi dola 125 kwa kila mwaka wa chuo, na wastani wa 4.0 humpatia dola 500, mbali na nyongeza ya ACT, kwa wanaotimiza masharti ya uraia au ukaazi. Hapo pia ndipo zinapoanza kukusanywa krediti 22 za kuhitimu, yaani hesabu ya masomo aliyoyafaulu, kwa hiyo ripoti za shule za Uvira au Nyarugusu zipelekwe kwa mshauri wa wanafunzi ili zipimwe kama zinaweza kuhesabiwa. Kijana aliyechelewa kuanza asiharakishwe kutoka bila sababu. Sheria ya Kentucky inamruhusu asiyehitimu kuendelea kusoma katika shule ya umma hadi anapotimiza miaka 21, na mpango wa masomo wa aliyefika na miaka 16 unaweza kupangwa kwa miaka mitano badala ya miwili, mradi ombi hilo litolewe mapema, kabla ratiba ya mwaka haijafungwa.